Makosa Arobaini na Moja ya Feleti

Wanafunzi wa kompyuta wa ofisi ya meli pale Nuku'alofa, mji wa bandari kisiwani, walijua kwamba Shangazi Kalolaine hakupenda vitu viwili: chai iliyopoa, na mtu anayenakili msimbo wa mwenzake bila kuusoma. Chai aliivumilia. Huyo mwingine alimsimamisha mbele ya darasa na kumwambia aeleze mstari mmoja mmoja, mashine inafanya nini hapa, na hapa je, mpaka jasho limtoke na mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni uanze kumlegea.

"Andika kwa vidole vyako mwenyewe," aliwaambia kila Jumatano. "Ukinakili, umepata jibu ila hujapata kitu. Na kompyuta ikikukatalia, usianze kubonyeza ovyo kama mtu anayefukuza nzi. Soma imekwambia nini. Anza mstari wa kwanza. Nyie huwa mnasoma wa mwisho tu halafu mnalia."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mnene wa kupendeza, na hakuwa na shahada. Aliingia pale ofisini akiwa mpiga chapa, akaishia kuwa ndiye anayeitwa kila programu ya abiria inapogoma, meli iko gatini na watu wa visiwa vya Ha'apai na Vava'u wamekalia mizigo yao wakimlaani kila mtu. Shule aliyosoma ilikuwa daftari moja la jalada la kijani. Ndani yake alikuwa amenakili kwa kalamu makosa arobaini na moja, yote ya kaka yake Feleti, na kila kosa lilikuwa na maelezo ya namna lilivyorekebishwa.

Hayo makosa ndiyo aliyofundishia. La kwanza lilikuwa kipenzi cha darasa.

"Feleti alianza kuhesabu orodha ya abiria kutoka moja," alisema, "wakati kompyuta yenyewe inaanza na sifuri. Kwa hiyo mtu wa kwanza kwenye orodha anarukwa. Na kwenye meli yetu, jina la kwanza huwa la nani?"

"La mchungaji," waliitikia wote.

"Basi mchungaji anabaki gatini Pangai na Biblia yake kwapani, na nguruwe wa watu wanapanda."

Walicheka miaka yote, kundi baada ya kundi. Ofisini lilizuka hata neno. Mtu akiharibu kitu alisema, "Jamani, nimefeleti." Kalolaine hakulianzisha neno hilo, lakini hakulikataza pia, na kusema kweli lilimfurahisha kidogo. Kaka yake alikuwa Auckland tangu mwaka 2004. Neno lilikuwa kama kuwa naye karibu.

Karibu kwenyewe hawakuwahi kuwa, kwa maana ya kukaa pamoja. Kaka na dada kwetu hawakai chumba kimoja wakapiga soga, na mama yao Atelaite, mtu wa Ha'apai, alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko watu wa mjini. Dada ndiye mkubwa, hata kama kaka amezaliwa kabla yake. Kaka hamtanii dada yake, hamkosoi, hambishii. Akiingia dada, kaka anatoka. Kalolaine alikulia humo na hakuona tabu yoyote, mpaka siku alipotaka kujifunza kitu ambacho kaka yake peke yake ndiye aliyekijua.

Hiyo ilikuwa mwaka 1997. Feleti alirudi kutoka masomoni Suva na ofisi ikanunua kompyuta mbili, zikawekwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Bosi wa enzi zile alisema Feleti aandike programu, na Kalolaine, kwa kuwa alijua kupiga chapa, amsaidie. Namna gani asaidiwe bila kukaa meza moja, bosi hakusema, na hakuna aliyeuliza.

Njia ilipatikana yenyewe. Kila mchana Atelaite alikuja na chakula, majani ya taro yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo, akagawa bakuli mbili. Aliingia kwanza kwa Kalolaine. Alipotoka alikuwa na diski ya binti yake imefungwa kwenye leso. Akaingia kwa Feleti. Kesho yake diski ilirudi na bakuli, ikiwa na kazi ya Feleti pia. Kwenye msimbo kuna mistari ambayo mashine huiruka, huwekwa kwa ajili ya macho ya watu tu, na humo ndimo Feleti alimoandika.

Alimwandikia mambo mengi. Kwamba ajifunze zana moja mpaka vidole vizijue kona zake, asitangetange. Kwamba aandike kidogo, ajaribu, aandike kidogo tena, kwa sababu ukiandika siku nzima bila kujaribu hutajua jioni uliharibu asubuhi au mchana. Kwamba vitu avipe majina ambayo atayaelewa hata siku ameamka na mafua. Kwamba kila siku kabla ya kwenda nyumbani atoe nakala ya kazi yote, yake na ya Feleti, aibandike tarehe na kuiweka kabatini. Lakini hata siku moja hakumwandikia kwamba amekosea. Aliandika makosa yake mwenyewe. "Jana nilianza kuhesabu kutoka moja, mjinga mimi. Ningemwacha mchungaji gatini. Nimerekebisha hivi." Chini yake akaonyesha alivyorekebisha.

Kalolaine akisoma vile alikimbilia kazi yake mwenyewe, na mara nyingi alikuta naye kafanya vilevile. Alirekebisha kimyakimya na kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeona. Ndugu wa damu, alijiambia, hata kukosea tunakosea pamoja. Halafu alilinakili kosa la kaka yake kwenye daftari la kijani.

Ile miaka saba ilikuwa mitamu. Nyuma ya ukuta alisikia kikohozi cha Feleti, na vidole vyake viwili vikigonga kibodi, maana pamoja na elimu yake yote ya Suva hakuwahi kujua kupiga chapa vizuri. Programu ikikubali, aligonga meza mara moja kwa kiganja. Kalolaine naye akafurahi upande wake bila kujua hasa kimefanyika nini. Jumapili baada ya kanisa chakula kikitoka kwenye mawe ya moto ya shimoni, Feleti alikula nje na wanaume, yeye ndani na wanawake, na hawakutamkiana neno la kazi. Jumatatu diski ilikuwa na maneno mengi kuliko siku nyingine.

Sasa Atelaite amekufa, ukuta wa mbao umepakwa rangi mara tatu, na bosi ni Manase, kijana wa miaka thelathini na minne aliyesoma Wellington, mwenye haraka lakini si mbaya. Yeye naye alimwita Kalolaine shangazi. Mwezi wa sita, Jumatatu, alikuja kwake na karatasi mkononi. Ofisi ilitaka mwalimu wa kudumu wa wanafunzi, wa siku zote na si Jumatano tu, na maombi yalikuwa yamefika.

"Shangazi, kuna huyu Feleti wa Auckland. Ni kaka yako, siyo?"

"Ni kaka yangu."

"Ndiye yule wa kufeleti?"

Manase alikuna kichwa.

"Usinielewe vibaya. Barua yake nzuri. Anasema watoto wamekua, magoti hayapendi baridi ya kule, anataka kurudi nyumba ya mama yenu. Hii ndiyo kazi pekee ya fani yake iliyotangazwa hapa mwaka mzima. Ila nimepitia programu ya zamani. Amekiri makosa mwenyewe, kwa mkono wake, moja baada ya jingine. Na daftari lako liko hapo, kila mtu anajua. Nimpe mtu kama huyo wanafunzi nane? Watanicheka mpaka bandarini."

"Utamkataa?"

"Nimemwita Alhamisi, kwa heshima yako. Kashafika, yuko kwa binamu zenu. Lakini nakwambia mapema ili usije ukaumia."

Manase alipotoka, Kalolaine alikaa akiangalia mikono yake. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, ni yeye aliyemfanya kaka yake kuwa kichekesho cha ofisi nzima. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: moyoni naye aliamini Feleti alikuwa mtu mzuri, mwalimu mzuri, lakini mzembe. Aliliamini hilo miaka ishirini na zaidi, kwa mapenzi, kama mtu anavyoamini kwamba mjomba wake hajui kuimba.

Akaamua atamtafutia jambo jema la kumwonyesha Manase. Hata programu moja tu, iliyoandikwa safi tangu siku ya kwanza. Jumanne mchana alifungua kabati la nakala. Diski zilikuwepo kwenye makasha ya biskuti, tarehe zimebandikwa kwa mwandiko wake wa usichana. Kisomea diski cha zamani bado alikuwa nacho, alikataa kukitupa kila mwaka walipofanya usafi.

Alianza na lile kosa la mchungaji kwa sababu tarehe yake alikuwa nayo kichwani, Jumatano tarehe kumi na nne Mei. "Jana nilianza kuhesabu kutoka moja." Akaweka diski ya Jumanne, tarehe kumi na tatu, akafungua kazi ya Feleti ili aone alivyokosea.

Haikuwa na kosa. Ilianza na sifuri.

Alidhani amechanganya diski. Akaweka ya Jumatatu. Sifuri. Ya Ijumaa iliyotangulia, sifuri. Akarudisha ile ya Jumanne na safari hii akafungua kazi yake yeye mwenyewe, na pale, katika mstari wa tisa, kulikuwa na moja. Aliitazama ile moja muda mrefu. Chai ilipoa mezani.

Akachukua kosa la pili, la watoto wanaopakatwa ambao hawakuhesabiwa. Kazi ya Feleti siku iliyotangulia: watoto wamehesabiwa. Kazi yake: hawamo. La tatu, la meli kupita Pangai bila kutia nanga siku ya mawimbi na abiria kuandikwa mara mbili. Ya Feleti safi, yake ina kosa. La nne. La tano. Diski sita zilikuwa zimeota ukungu na hazikusomeka. Zilizosomeka zote zilisema jambo moja. Mtu alikuwa ameisoma kazi yake kila jioni, ameona alipokosea, na kwa kuwa kaka hawezi kumwambia dada yake kwamba amekosea, alilibeba lile kosa, akalivaa yeye, akaliandika kwa jina lake na kulirudisha na bakuli ili dada ajirekebishe bila mtu kumwona.

Kalolaine alilia, na alilia kwa hasira pia. Alimkasirikia Feleti kwa kumfanya mjinga miaka yote hiyo. Alijikasirikia yeye mwenyewe kwa kutojiuliza hata siku moja: mtu aliyesomea kitu miaka mitatu, vipi anakosea sawasawa na mpiga chapa, tena siku moja nyuma yake?

Jumatano aliingia darasani na daftari. Kijana wa mbele akauliza, "Leo tunamcheka Feleti kwa lipi, Shangazi?" Alitaka kuwaambia. Badala yake alilifunga daftari. Akawapa kazi ya kuandika hadi saa sita, na alipotoka alijiona mwoga.

Alhamisi asubuhi alimwendea Manase kabla hajakaa vizuri, akamwekea kasha la biskuti mezani na kumweleza yote. Manase alisikiliza, na kwa hilo lazima tumsifu, alisikiliza hadi mwisho.

"Shangazi," alisema, "mimi nina dada watatu. Kama ningekuwa nimekwama, wote watatu wangekuja hapa kusema wao ndio waliokosea. Tena mmoja hajui hata kuwasha kompyuta."

"Weka diski uone."

"Nitaona diski ambazo umekaa nazo wewe kabatini miaka ishirini na sita. Sisemi umezichezea. Nasema wakubwa wakiniuliza, nitawajibu nini? Kwamba dada mtu amemtetea?" Alisukuma kasha pembeni taratibu. "Nitamuuliza mwenyewe. Akisema si yake, nitalichukua neno lake, maana aliyekiri ni yeye. Akisema ni yake, basi."

Kalolaine alirudi chumbani kwake akiwa mzito. Alijua Feleti atasema nini.

Feleti alikuja saa tatu. Hakumwona, alimsikia: kikohozi kilekile, kimezeeka kidogo. Aliketi upande wa pili wa ukuta, kwenye kile chumba kilichokuwa chake na sasa ni cha Manase, na Kalolaine alikaa upande wake asiguse kitu. Walizungumzia Auckland, zana za siku hizi, namna ya kufundisha mtu ambaye hajawahi kuandika msimbo. Feleti alijibu polepole na vizuri. "Mwanafunzi akikosea," alisema, "usimnyang'anye kibodi. Ukimnyang'anya kibodi umemfundisha kukuita wewe." Manase alicheka kidogo, Kalolaine akapata tumaini.

Kisha Manase akasema, "Kuna jambo la yale makosa arobaini na moja. Dada yako ananiambia hayakuwa yako."

"Dada yangu ni mtu mwema," Feleti alisema. "Yalikuwa yangu."

"Anasema yalikuwa yake. Ameleta nakala. Tarehe zinaonyesha kazi yako ilikuwa safi siku moja kabla."

"Mashine za zamani zile. Saa zake zilikuwa zinapotea."

"Zote? Kila siku? Kwa miaka saba?"

"Umeme wetu wa enzi zile huujui wewe."

"Kaka Feleti, nielewe vizuri." Sauti ya Manase ilishuka. "Ukiniambia ni ya dada yako, kazi unayo. Ukiniambia ni yako, siwezi kukupa wanafunzi. Sasa sema."

"Dada yangu hakukosea," alisema Feleti. "Andika kwamba ni yangu."

Kalolaine alisikia kiti kikisukumwa. Kaka yake alikuwa anainuka, anarudi Auckland kwenye baridi akiwa na makosa ya mtu mwingine, na angekwenda hivyo bila kinyongo. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo alikuwa amelichukulia kama mzigo tangu utoto. Yeye ndiye mkubwa. Kaka hambishii dada yake.

Alisimama, akasogea hadi kwenye ukuta.

"Feleti."

Kiti upande wa pili kikaacha kusogea. Miaka yote pale ofisini hakuwahi kumwita kwa sauti.

"Ndiyo, dada."

"Yalikuwa yangu. Yote arobaini na moja."

Kalolaine aliweka kiganja kwenye mbao.

"Nakuuliza mimi dada yako, na mimi sikuombi, nakuambia. Sema kweli mbele ya Manase. Yalikuwa yangu au yako?"

Alisubiri. Alikisikia kikohozi, halafu pumzi ndefu ya mtu anayeweka chini kitu alichokibeba mbali. Manase aliwaachia wenyewe. Yeye ni wa hapa, alijua kinachotendeka.

"Yalikuwa yako, dada," Feleti alisema. Halafu, kwa upole mwingi, kama anayeogopa kuvunja kitu: "Ila hayakuwa arobaini na moja. Ni arobaini na matatu. Mawili hukuyaona, nikayarekebisha mwenyewe."

Kalolaine aliegemea ukuta na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na nyuma ya mbao akasikia kaka yake naye anacheka, taratibu, kwa adabu. Manase alifuta namba ya makosa kwenye karatasi yake, akaandika upya, kisha akamuuliza Feleti anaweza kuanza lini.